Matangazo ya simu hayafutwi

Kibanda changu cha ufundi wa simu kiko Ngamiani, Tanga, na sentensi ninayoisikia kuliko zote si "kioo kimepasuka" wala "haishiki chaji". Ni "fundi, nifutie matangazo." Vijana wanaisema, walimu wanaisema, na juzi mama mmoja mtu mzima aliifungua simu kutoka pindo la khanga akaiweka mezani akisema, "Mwanangu, yamerudi. Na mimi nilishafutiwa."

Nikamwamkia kwanza, kisha nikamuuliza alifutiwa wapi. Kwa fundi mwingine, sitamtaja. Alilipa elfu tano, simu ikarudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Picha za mjukuu zikapotea, namba za watu zikapotea, meseji za kikoba zikapotea. Jioni ileile kijana wake akamwekea tena programu zake, na matangazo yakaingia kama hakuna kilichotokea. Yaani kilifutwa kila kitu isipokuwa kile alichoomba.

Ndiyo maana naandika. Maana yenyewe ni fupi: kuzuia matangazo kwenye simu ni kuifanya simu isiyaite matangazo ambayo tovuti au programu ingeyaleta, au yakishafika isiyaonyeshe. Kinachoniudhi ni hilo neno kufuta.

Kufuta kunataka kitu kilichokwisha kuwepo. Unafuta ubao ulioandikwa. Unafuta vumbi lililotua, jasho lililotoka, machozi yaliyoshuka. Hata kifutio cha mtoto wa shule hakina kazi kwenye karatasi tupu. Mtu anaweza kunibishia kwamba kesi nayo hufutwa na leseni hufutwa, na hizo hazina vumbi. Sawa, lakini anayefuta kesi au leseni ni yule mwenye mamlaka nayo. Mimi na wewe hatuna mamlaka yoyote juu ya tangazo la sabuni lililolipiwa na kampuni iliyo mbali huko.

Na tangazo hilo, kwa kawaida, halikai ndani ya simu yako. Linaitwa pale unapofungua ukurasa au mchezo. Simu inapiga hodi kwenye seva fulani, yaani kompyuta ya mbali inayotoa vitu vya mtandaoni, seva inajibu kwa picha au video, nayo inaonekana. Kama huamini, zima data kisha ufungue ule mchezo wa mtoto unaojaa matangazo. Mengi hayaji. Moja au mawili yanaweza kujitokeza kwa sababu mchezo uliyapakua mapema, lakini mkondo umekatika. Sasa niambie, fundi afute nini?

Neno sahihi, basi, ni kuzuia. Vijana wanasema kubloki, na sina ugomvi nao, maana wamechukua neno la kigeni lakini maana wameishika sawasawa. Ila hata kuzuia kuna upungufu wake. Kizuizi cha barabarani kinasimamisha kila gari, la mkaa na la harusi. Simu inayozuia kila kitu ni simu isiyo na bando. Programu za kuzuia matangazo hazifanyi hivyo. Zinachagua, na lugha yetu ina neno la kuchagua kwa namna hiyo: kuchuja.

Bibi yangu hakuwa na chujio la plastiki. Alikuwa na kifumbu cha ukindu. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi, alimimina maji ya uvuguvugu, akaivuruga kwa vidole, akaijaza ndani ya kifumbu na kukipinda kama anayekamua nguo. Tui lilishuka jeupe kwenye bakuli, machicha yakabaki ndani. Kifumbu hakikuwa na uadui na nazi. Kilijua tu kipi kipite na kipi kibaki, na kilijua kwa ukubwa wa matundu yake.

Kwenye simu, matundu hayo ni orodha. Watu wamekaa miaka wakikusanya anwani za seva zinazotoa matangazo, na iliyo maarufu zaidi, EasyList, ilianza mwaka 2005. Unapofungua ukurasa wa habari, simu huomba vitu hata makumi kwa wakati mmoja: maandishi huku, picha kule, tangazo kwingine. Kichujio kinatazama kila ombi na kulilinganisha na orodha. Likiwemo, ombi halitoki. Tangazo halikuondolewa mahali, halikuitwa kabisa. Hapo ndipo bando linapookoka.

Kuna kazi ya pili ambayo watu huichanganya na hii: kuficha. Tangazo jingine linashuka pamoja na ukurasa wenyewe, na kinachoweza kufanywa na kichujio ni kulifunika lisionekane. Macho yatapumzika, lakini data imekwishaliwa. Mteja akiniuliza kwa nini haoni matangazo na bando bado linakimbia, mara nyingine jibu liko hapo.

Njia za kuchuja si nyingi. Ya kwanza ni kwenye kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti. Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi, vile viprogramu vya kuongezea kwenye kivinjari, kwa hiyo usihangaike nayo. Firefox ya Android inapokea, na kiendelezi ninachowawekea watu ni uBlock Origin. Brave, kivinjari kingine, inakuja na kichujio chake ndani. Kwenye iPhone, Safari imeruhusu programu za kuchuja tangu iOS 9 ya mwaka 2015. Njia hizi zinasaidia tovuti tu. Ukitoka kwenye kivinjari ukaingia kwenye mchezo, umelitoa tui nje ya kifumbu.

Ya pili ndiyo niliyomwekea yule mama. Intaneti ina daftari lake la majina, DNS, lililobuniwa mwaka 1983, ambalo kazi yake ni kubadili jina la tovuti kuwa namba ambayo mashine inaielewa. Simu za Android kuanzia toleo la 9, lililotoka 2018, zina sehemu ya kuchagua daftari gani litumike. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, utafute Private DNS. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili imeandikwa DNS ya Faragha. Pale unaandika dns.adguard-dns.com, jina la daftari linalochuja matangazo, na kuhifadhi. Tangu hapo, mchezo ukiuliza nyumba ya matangazo iko wapi, daftari linajibu kama jirani aliyefundishwa: huyo simjui. Hakuna programu ya kupakua, na linafanya kazi kwenye programu karibu zote kwa pamoja.

Nisifiche na upande wake mwingine. Mwenye daftari anayaona majina unayoyauliza, kwa hiyo chagua daftari la mtu unayemwamini. Na matundu yakiwa madogo mno, hata tui halishuki: ukurasa wa malipo unaweza kugoma kufunguka. Ikitokea, rudisha ilivyokuwa kwa muda, lipa, kisha uwashe tena.

YouTube ndiyo inayowavunja watu moyo. Wanaweka daftari, wanafungua taarabu yao, na tangazo linatangulia palepale. Sababu ni kwamba matangazo yake hupita kwenye seva zilezile zinazoleta video, na daftari linajua majina ya nyumba tu, halijui nani yumo ndani. Ukiifunga nyumba, umeifunga na taarabu. Machicha yamesagwa laini mpaka yanapita pamoja na tui. Kivinjari chenye kichujio kinaweza kujaribu, kwa kuwa chenyewe kinautazama ukurasa wenyewe na si anwani peke yake.

Halafu kuna vitu vinavyoitwa matangazo wakati kila kimoja kinataka kitenzi chake. Kuna zile jumbe zinazoshuka kutoka juu ya kioo zikisema simu yako ina virusi kumi na tatu. Mara nyingi hizo ni arifa za tovuti ambayo siku moja ulibonyeza "ruhusu" bila kusoma. Arifa zinazimwa: mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, unaiondolea ile tovuti ruhusa. Wala simu haina virusi. Kuna picha inayojaa kioo kizima ukiwa hujafungua kitu chochote. Hapo kuna programu uliyoiweka mwenyewe, aghalabu ya tochi au ya "kusafisha simu", iliyopewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Hiyo inaondolewa, mzima mzima, na ndiyo hali ambayo neno kufuta lina haki nayo. Unaifuta programu. Ndiyo iliyokuwa ikimsumbua yule mama zaidi ya yote: programu ya tochi, kwenye simu ambayo tochi yake iko tayari ukishusha kioo.

Meseji za kampuni za simu nazo ni mbali na haya, hazipiti kwenye daftari lolote la intaneti. Na ile ya "ile pesa itume kwenye namba hii" si tangazo hata kidogo, ni wizi, ipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania.

Kuna mahali pamoja tu ambapo simu yenyewe inatumia neno kufuta karibu na neno matangazo, napo panapotosha zaidi. Simu za Android za miaka ya karibuni zina sehemu ya kufuta kitambulisho cha matangazo. Watu wanakibonyeza kwa furaha, kisha wanakuja kunilalamikia. Kinachofutwa pale ni ile namba inayowasaidia watangazaji kukujua wewe ni nani na unapenda nini. Idadi ya matangazo inabaki ileile. Yanakuja tu bila kukufahamu. Kama ulitazama baiskeli jana, leo unaweza kuletewa nepi. Mimi hukifuta kwenye kila simu inayopita mikononi mwangu, mwenye simu akikubali, lakini kwa sababu hiyo, si kwa kupunguza matangazo.

Yule mama alikaa kwenye benchi mpaka nikamaliza, kazi ya dakika chache tu. Nikamwambia, mama, sijayafuta, nimeyachuja, na yatakayobaki ni ya YouTube. Akatikisa kichwa, akasema tui la kifumbu nalo halikosi chembe. Alipokuwa anaifunga simu kwenye khanga akaniahidi kumleta na shoga yake kesho, "naye umfutie."

Kwa hiyo nasema taratibu, bila ugomvi. Ukija kibandani sema "nizuilie" au "nichujie", na hata "nibloki" nitakuelewa. Na fundi akikuambia atayafuta, mwombe kwanza akuonyeshe yalipo, kabla hajakuomba nywila ya simu.