Rubani Msaidizi Si Utingo: Mgawanyo wa Wajibu Ndani ya Chumba cha Marubani

Abiria akishafunga mkanda husikia tangazo ambalo wasafiri wa mara kwa mara wamelizoea: jina la kapteni, kisha maneno "akisaidiwa na", kisha jina la rubani wa pili. Katika mikutano yetu na wananchi, maneno hayo mawili ndiyo yanayozaa maswali mengi kuliko hata radi au mawingu mazito. Wengi humchukulia rubani msaidizi kama utingo wa lori, kijana anayejifunza kazi kwa kumtazama dereva na kushuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Kwa mtazamo huo, ndege ina rubani mmoja wa kweli na mwingine wa akiba. Sheria za usafiri wa anga hazisemi hivyo, na ajali kadhaa zilizoua mamia ya watu zinaonyesha gharama ya kudhani hivyo.

Tuanze na mamlaka ya kapteni, kwa kuwa yapo na ni makubwa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nchi zetu za Afrika Mashariki ni wanachama wake, una viambatisho vinavyoweka viwango vya kimataifa. Kiambatisho cha 2 kinamtwika rubani mkuu wajibu wa ndege yake iwe yeye ndiye ameshika usukani au la, kinampa uamuzi wa mwisho kuhusu ndege hiyo muda wote anaoiongoza, na kinamruhusu hata kukiuka kanuni za anga pale usalama unapolazimisha kabisa. Kiambatisho cha 6 kinaongeza kwamba milango ikishafungwa, usalama wa kila aliyemo ndani, pamoja na mizigo, uko mikononi mwake. Meneja wa shirika, mwongoza ndege aliyeko mnarani au abiria mwenye cheo kikubwa hawezi kumlazimisha aruke katika hali anayoiona si salama. Ndiyo maana kapteni anapotangaza kwamba safari itachelewa kwa sababu ya mvua iliyopo huko mnakokwenda, anatumia mamlaka aliyopewa na sheria, wala hahitaji kibali cha mtu yeyote kufanya hivyo.

Hata hivyo mamlaka ya kuamua ni jambo moja, na kazi ya kuendesha ndege ni jambo jingine. Mabaharia wa pwani yetu walilijua hili kabla ya ndege kuwapo: nahodha ndiye aliyekuwa na amri ya chombo, na rubani ndiye aliyejua mlango wa bahari na miamba iliyojificha chini ya maji. Nahodha aliyemziba mdomo rubani wake alikipandisha chombo mwambani pamoja na amri yake yote.

Katika ndege ya abiria ya leo, kila safari hugawanywa katika kazi mbili. Mmoja ni rubani anayerusha, na mwingine ni rubani anayefuatilia. Anayerusha anashika usukani au anauelekeza mtambo wa otopailoti, yaani mtambo unaoishika ndege kwa niaba yake. Anayefuatilia anazungumza na waongoza ndege kwa redio, anapandisha na kushusha magurudumu anapoagizwa, anasoma orodha za ukaguzi, na zaidi ya yote anazitazama saa, yaani vipimo vya mwendo na mkao wa ndege, pamoja na vioo vyake ili amtangazie mwenzake kila kinachotoka nje ya mstari. Kazi hizi hazifuati cheo. Kapteni anaweza kurusha kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, na wakati wa kurudi akafuatilia huku rubani msaidizi akirusha. Huyo anayeitwa msaidizi ana leseni, amefuzu kwa aina hiyo hiyo ya ndege, na hupimwa tena na tena kwenye mashine ya kuigiza urukaji, akipewa injini inayozimika na moshi unaojaa chumbani hadi mtahini aridhike.

Tazama namna wanavyofanya wakati wa kupaa. Ndege inapoanza kukimbia kwenye njia ya kurukia, rubani anayefuatilia hutaja kwa sauti kasi waliyokubaliana, na anayerusha hulinganisha na kipimo cha upande wake. Vipimo viwili vikitofautiana, wanasimama mapema ingali rahisi kusimama. Kisha hutajwa V1, kasi ambayo baada yake ndege haipaswi tena kujaribu kusimama kwa kuwa njia iliyobaki huenda isitoshe. Katika mashirika mengi kapteni huweka mkono kwenye mitaimbo ya nguvu za injini hadi hapo, na akisikia V1 anauondoa, ili mkono usije ukavuta nyuma kwa mazoea wakati akili inajua kwamba ni lazima kupaa. Tamko moja la mwenzake ndilo linalouondoa mkono ule.

Sasa niseme kuhusu Douala, kwa sababu ni tukio linalotuhusu moja kwa moja, na kwa heshima ya waliopoteza ndugu zao nitaeleza yaliyo muhimu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliondoka Douala, Kamerun, kwenda Nairobi ikiwa na watu 114, baada ya kucheleweshwa na dhoruba. Nje kulikuwa na giza totoro, bila taa wala upeo wa macho wa kumwonyesha rubani kama ndege imelala upande au imenyooka. Muda mfupi baada ya kupaa kapteni alitoa tamko la kuwasha otopailoti. Mtambo haukuwaka. Taratibu zinataka tamko hilo lijibiwe, na wote wawili wahakikishe kwenye kioo kwamba mtambo kweli umeshika ndege. Jibu halikutolewa na hakuna aliyehakikisha. Kwa takriban sekunde 55 ndege ilikuwa angani bila mkono wa mtu wala mtambo, ikilala polepole upande wa kulia, polepole kiasi kwamba mwili wa binadamu hauhisi. King'ora cha kuonya kwamba ndege imelala kupita kiasi kilipolia, kapteni alizungusha usukani kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Ndege ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko si mbali na uwanja, na hakuna aliyenusurika.

Wachunguzi wa Kamerun walihitimisha kwamba marubani walipoteza udhibiti wa ndege baada ya kupotewa na hisia ya upande wakati hakuna aliyekuwa akizisoma saa, na wakataja pia ukosefu wa ushirikiano kati yao na kutofuata taratibu za kufuatiliana. Nimewahi kuulizwa kama hiyo si kumtupia lawama marehemu. Sivyo. Giza linamdanganya kila binadamu, kapteni mwenye maelfu ya saa na mwanafunzi wa juzi sawasawa, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya sikio yanayotupa hisia ya kusimama wima hayana habari na cheo. Taratibu za marubani wawili ziliwekwa kwa ajili ya usiku wa namna ile: mmoja akidanganywa na mwili wake, mwingine awe anasoma saa na kusema kwa sauti anachokiona.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa gharama kubwa miaka 30 kabla ya hapo. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilianza kupaa wakati nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani, ingali kwenye njia hiyo hiyo. Fundi wa ndege wa KLM, aliyekaa chumbani pamoja na marubani, aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Kapteni, mtu aliyeheshimika sana katika shirika lake, alimjibu kwamba imetoka, na fundi hakuuliza tena. Ndege hizo mbili ziligongana, na watu 583 walikufa. Mwaka 1979 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliitisha warsha iliyozaa mafunzo ya ushirikiano wa marubani na wahudumu, ambayo leo ni ya lazima. Katika mafunzo hayo kapteni hufundishwa kusikiliza, na rubani msaidizi hufundishwa namna ya kupaza wasiwasi wake kwa hatua: kwanza ataje anachokiona, kisha apendekeze la kufanya, kisha asisitize, na mwisho achukue usukani. Mashirika mengi yana kanuni kwamba rubani anayerusha akiitwa mara mbili kuhusu hatari asijibu wala kurekebisha, mwenzake achukulie kwamba amezidiwa na aishike ndege mara moja. Kwa vijana waliolelewa wasimkatize mkubwa neno, hili ni zoezi gumu kuliko kuzima moto wa injini. Nimewaona wakilowa jasho kwenye mashine ya kuigiza urukaji si kwa sababu ya dhoruba, bali kwa sababu ya kumwambia mzee wa miaka 55, "Kapteni, nashika mimi."

Wajibu wa kusema hauishii kwenye viti viwili vya mbele. Januari 1989, karibu na kijiji cha Kegworth nchini Uingereza, marubani wa Boeing 737 walizima injini ya kulia iliyokuwa nzima, ilhali baadhi ya wahudumu na abiria walikuwa wameona moto ukitoka injini ya kushoto. Kapteni alitangaza kwamba injini ya kulia imezimwa. Walioona moto walishangaa, lakini hakuna aliyepeleka habari mbele. Ndege ilianguka, na watu 47 walikufa. Kanuni inayokataza mazungumzo yasiyohusu safari ndege ikiwa chini ya futi 10,000, ambayo Marekani iliiweka mwaka 1981, haimzuii mhudumu kupiga simu kwa marubani akiona moshi, moto au jambo la hatari. Nawe abiria ukiona kitu cha namna hiyo, mwambie mhudumu, hata kama unahisi utaonekana mshamba.

Kuhusu uchovu nitasema kwa kifupi. Sheria huweka kikomo cha saa za kazi, na kwa mfano Marekani tangu mwaka 2014 inataka rubani wa ndege za abiria apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zikiwemo nane za nafasi ya kulala bila kukatizwa. Pamoja na kikomo hicho, kila rubani anawajibika binafsi kukataa zamu anapojijua mgonjwa au hajalala. Hata chakula kina utaratibu wake: katika mashirika mengi marubani wawili hawali mlo mmoja, ili samaki mbovu asiwaangushe wote kwa pamoja.

Mahali ambapo abiria anaweza kuuhisi mgawanyo huu wa kazi ni wakati wa kutua. Ndege inatakiwa iwe imetulia, yaani kasi sahihi, magurudumu chini, na mteremko na mwelekeo uliokubaliwa, ikifika futi 1,000 juu ya uwanja kunapokuwa na mawingu, au futi 500 kunapokuwa kweupe. Isipotulia, rubani yeyote kati ya wawili anaweza kutamka kwamba wapae tena, na katika mashirika mengi anayerusha hupaa kwanza, maswali yakaja baadaye. Ninapokagua safari nikiwa nimekaa kwenye kiti kilicho nyuma ya marubani, hapo ndipo ninapotega sikio. Mara nyingi kapteni huwa ameshayasema wakiwa bado ardhini, kabla injini hazijawashwa: "Ukiona kitu usichokipenda, sema mapema, sitakuuliza kwa nini mpaka tuwe tumepaa." Rubani msaidizi hujibu, "Sawa, Kapteni," na ndipo wanapofungua ukurasa wa kwanza wa orodha ya ukaguzi.