Dang'a Ndo Maziwa Yenyewe, Msiimwage

Jamani tuongee hili la "maziwa hayajatoka", mi ni mkunga wodi ya wazazi na hii kauli naisikia karibu kila zamu. Mama kajifungua saa nane usiku, mtoto analia, bibi yake keshafika na chupa ya chai na kijiko anataka kukoroga glukosi eti mtoto ana njaa na ziwa kavu. Ziwa sio kavu. Nilimwelekeza mama abonyeze taratibu nyuma ya ile sehemu nyeusi, sio chuchu yenyewe, likatoka tone la njano zito linanata, bibi akasema huo uchafu kamua umwage.

Hapana bibi, hiyo ndo dang'a, maziwa ya kwanza. Imejaa kinga na vitamini A, na inamsaidia mtoto kutoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo. Inatoka kidogo kwa sababu mtoto siku ya kwanza anahitaji kidogo tu kwa mara moja, kama kijiko kimoja cha chai hivi! Maziwa meupe yanajaa siku ya 2 mpaka ya 4, na yanaitwa na kunyonya kwenyewe, ukimshibisha maji hanyonyi na maziwa nayo yanachelewa.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Akishakaushwa alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfunikeni na khanga juu, msimharakishe, utamwona analamba midomo, anasukuma na miguu, anatafuta mwenyewe. Mdomo uachame kweli, kidevu kiguse ziwa, ukisikia chuchu inauma sana mtoe umshike upya. Tumbo likikukaza wakati ananyonya usiogope, ni kizazi kinajirudi na damu inapungua.

Aliyefanyiwa opareshini kwa sindano ya mgongo naye ananyonyesha, aombe tu msaada wa kumshika mtoto. Mwenye VVU anayekunywa ARV vizuri ananyonyesha pia na mtoto anapewa dawa yake ya kinga, hilo muulize nesi bila aibu.

Ila mtoto akigoma kunyonya kabisa, akilegea au akichemka mwili, usisubiri asubuhi, muite nesi hapo hapo hata kama kapita sasa hivi.