Mboni nyeupe ya mtoto mchanga isisubiri: jinsi ubongo unavyojifunza kuona

Macho ya mtoto mchanga hupokea mwanga tangu anapozaliwa, lakini anayeona ni ubongo, na ubongo huo bado unajiunganisha. Kila jicho lina mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni moja, na taarifa zake huishia upande wa kisogoni. Huko viungio kati ya seli huongezeka kwa kasi na kufika kileleni mtoto akiwa na miezi 8 hivi. Kisha huanza kupogolewa, na mtoto akifika miaka 11 hivi karibu asilimia 40 huwa vimeondoka. Vinavyotumika huimarika, visivyotumika hufa.

Kazi hii huanza kabla ya mwanga wowote. Mwaka 1991 watafiti nchini Marekani walionyesha, kwa wanyama wachanga, kwamba retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hujitengenezea mawimbi ya umeme yenyewe. Seli zilizo jirani hushtuka kwa pamoja, na ubongo hutumia mshtuko huo kuchora ramani ya awali. Kuinoa ramani hiyo kunahitaji picha safi kutoka macho yote mawili.

David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifunga jicho moja la paka wachanga. Walipolifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, ila karibu seli zote za eneo la kuona ziliitikia lile jicho jingine tu. Kwa paka wa wiki nne au tano, siku chache zilitosha kuleta hasara hiyo. Paka mkubwa hakudhurika. Macho hugombea nafasi moja kwenye ubongo, kama wauza nguo wawili wa Kariakoo kwenye meza moja: asiyetandaza bidhaa, mwenzake anaijaza yote.

Kwa binadamu kipindi hiki cha ubongo kujifunza kuona ni kirefu zaidi, ila miezi ya mwanzo ndiyo nyeti kuliko yote. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa (ukungu kwenye lenzi unaoweza kuifanya mboni ionekane nyeupe), makengeza, kope inayoziba mboni, au jicho moja kuhitaji miwani yenye nguvu tofauti sana na jingine: vyote huweza kuacha jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo haulitumii ipasavyo hata kama lenyewe ni zima.

Mtoto wa jicho akiwa upande mmoja, upasuaji unafaa ufanyike mapema, karibu na wiki ya 6. Akiwa pande zote mbili, isipite wiki ya 10 hivi, maana baada ya hapo macho huanza kuchezacheza na uoni hupungua kwa kudumu. Kwa hiyo mama anapompeleka mtoto chanjo ya wiki 6, aombe muuguzi ammulike mboni zote mbili. Ukiona weupe kabla ya siku hiyo, nenda moja kwa moja hospitali yenye huduma ya macho, kwa Dar es Salaam Muhimbili au CCBRT Msasani. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya retina. Usimtie machoni maziwa ya mama wala dawa ya majani.

Nyumbani, mtoto wa miezi kadhaa anaweza kupimwa kwa kiganja. Mshikishe kitu anachokipenda, mzibe jicho moja, kisha jingine. Akitulia ukiziba la kushoto, lakini akalia na kusukuma mkono kila unapoziba la kulia, basi la kulia ndilo analolitegemea, na la kushoto lipimwe. Makengeza ya kuja na kuondoka ni ya kawaida katika wiki za mwanzo; yakiwepo baada ya miezi 4, mpeleke.

Upasuaji husafisha njia ya mwanga tu. Ubongo bado unapaswa kulikubali lile jicho, ndiyo maana miwani na kiraka hufuata. Kiraka huwekwa kwenye jicho zuri, na hapa wazazi wengi hukosea kwa kufunika lile “linaloumwa”. Kibandikwe kwenye ngozi, kwa sababu kikiwa juu ya miwani mtoto huchungulia pembeni. Kwa uvivu wa wastani saa 2 kwa siku mara nyingi zinatosha. Ukiwa mkali daktari huweza kuagiza saa 6. Usiongeze saa kwa hamu ya kuharakisha wala usiruke kliniki: jicho zuri likifunikwa kupita kiasi, lenyewe nalo hupoteza nafasi yake.