Kwenye mtelezo, usimpakate

Ninapomwambia mzazi kwamba mwanawe wa miaka miwili amevunjika mguu kwenye mtelezo wa kuchezea, huniuliza alianguka kutoka wapi. Mara nyingi hakuanguka popote. Alikuwa amepakatwa.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya watoto, na misimu ya likizo huniletea visa hivi. Mnashuka pamoja, yeye mapajani. Kiatu chake chenye soli ya mpira kinanasa ukingoni. Angekuwa peke yake angekwama tu, maana ni mwepesi. Ila nyuma yake kuna kilo zako 70 ambazo hazijasimama. Mguu unabaki, mwili unakwenda, na mfupa wa muundi unajisokota hadi unapasuka. Pengine hutaona hata uvimbe. Utaona hataki kukanyaga. Basi ni plasta kwa wiki kadhaa. Kama mtelezo ni mrefu kiasi kwamba hawezi kuteleza mwenyewe, mtafutie mfupi.

Ugenini tunapakata zaidi, nadhani kwa sababu ya picha. Tena mtoto kachoka, na vifaa hajavizoea.

Hata hivyo huwaambia wazazi waende uwanja wa kuchezea watoto siku ya kwanza, makumbusho yatasubiri. Mtoto aliyekaa saa nyingi kwenye ndege anahitaji kukimbia, na mkivuka majira ya saa, mwanga wa mchana huisaidia saa ya mwili kujirekebisha.

Ukifika, usishangae mno. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuchezea uwanjani, EN 1176, vinaruhusu mtoto kupanda hadi urefu wa mita 3 mradi chini pawe na kitu cha kupokea anguko: mchanga, vipande vya magamba ya miti, au mpira. Kwa hiyo ule utando wa kamba unaokutia kizunguzungu haukuwekwa kwa uzembe. Amsterdam, msanifu Aldo van Eyck alianza mwaka 1947 kubuni viwanja zaidi ya 700 vyenye mashimo ya mchanga na vyuma vya kupanda visivyo na pambo lolote. Copenhagen, kiwanja cha Emdrup kilifunguliwa mwaka 1943 ili watoto wajenge wenyewe kwa mbao na vyuma chakavu. Na New York, mtu mzima asiye na mtoto haruhusiwi kuingia sehemu za kuchezea. Ukitaka kupumzika humo huku mwenzako amewapeleka watoto kwingine, utaambiwa utoke.

Kabla sijamwachia wangu, huchimba mchanga kwa kisigino. Ukiwa mgumu kama sakafu, hapandi juu. Kisha naweka mgongo wa mkono kwenye mtelezo na kuhesabu hadi tano. Watu wanaogopa chuma peke yake, lakini plastiki na ule mpira mweusi wa chini navyo huunguza nyayo jua likiwaka. Kofia ngumu ya baiskeli naivua, na kamba za shingoni kwenye koti nazifungua, kwa sababu hunasa penye upenyo na kumning'iniza mtoto.

Ninayo picha moja ya zamani, nimempakata kifunguamimba wangu, tunashuka huku tunacheka. Siku hizi macho yangu huenda moja kwa moja kwenye viatu vyake: vipya, soli za mpira, kimoja kimegusa ukingo.