Hewa ukaa kwa mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia: maswali ya wazazi

Mzazi aliyemleta mwanawe kutoka Mbagala hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, pale Upanga, akaruhusiwa kuingia kwa dakika chache katika chumba cha watoto mahututi, hukuta kioo kimejaa tarakimu. Nyingi huzoeleka haraka. Ya hewa ukaa ndiyo huulizwa sana.

Oksijeni ya mtoto wangu inasoma 98. Hewa ukaa inapimwa ya nini tena?

Kifaa kinachobanwa kwenye kidole husoma oksijeni iliyobebwa na damu, na hewa ukaa hakiioni kabisa. Mtoto anayeongezewa oksijeni anaweza kubaki na 98 kwa muda mrefu ilhali pumzi zake ni ndogo mno, kwa kuwa oksijeni nyingi huingia mwilini hata hewa ya mapafuni inapobadilishwa kidogo tu, lakini hewa ukaa hutoka kwa kadiri ya hewa inayoingia na kutoka kila dakika. Hewa hiyo ikibaki ndani, damu huwa na asidi nyingi.

Kiwango cha kawaida ni kipi, na kikivukwa kuna madhara gani?

Katika damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, ni milimita 35 hadi 45 za zebaki, kipimo cha shinikizo. Hewa ukaa ikipanda, mishipa ya ubongo hutanuka na shinikizo ndani ya fuvu huongezeka, jambo la hatari sana kwa mtoto aliyeumia kichwa kwa kugongwa na bodaboda. Ikishuka mno, mishipa hiyo hujibana na ubongo hukosa damu ya kutosha. Ndiyo maana kuiendesha mashine kwa kasi kupita kiasi nako ni kosa.

Daktari amesema imefika 55 na hajabadilisha chochote. Je, huo si uzembe?

Mara nyingi sivyo, ingawa naelewa kwa nini mzazi hushtuka. Mapafu yaliyokakamaa kwa nimonia kali huumizwa na mashine inapoyasukumia pumzi kubwa ili tarakimu ipendeze. Kwa hiyo madaktari hukubali hewa ukaa ipande kiasi, mradi pH ya damu, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, isishuke chini ya takribani 7.2, na mapafu yapate nafasi ya kupona. Ruhusa hiyo haitolewi kwa mtoto mwenye shinikizo kubwa ndani ya fuvu.

Hupimwaje?

Kipimo cha kutegemewa zaidi ni cha gesi za damu ya ateri, lakini hueleza hali ya dakika ile tu, na kina gharama yake: mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu ya takribani mililita 240, hivyo kumtoa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku si jambo dogo.

Kapnografia hupima hewa ukaa katika pumzi inayotoka kwenye mrija wa kupumulia wa mtoto na kuchora kilima kimoja kwa kila pumzi. Kilima kikitoweka ghafla, huenda mrija umechomoka, umeziba au umeachana na mashine, na mchoro huo huonyesha hatari kabla oksijeni haijaanza kushuka. Tarakimu yake kwa kawaida huwa chini ya ile ya damu kwa milimita 2 hadi 5, na pengo hukua mapafu yanapougua sana au hewa inapovuja pembeni mwa mrija. Hivyo huoanishwa na kipimo cha damu, kisha hufuatiliwa inakoelekea.

Kengele ikilia nikiwa pale, nifanye nini?

Mwite muuguzi, usiguse mrija. Hali ikitulia, uliza kama hewa ukaa inapanda au inashuka tangu asubuhi. Jibu hilo litakufaa kuliko tarakimu moja.

Mtoto ana alama nyekundu ya duara kifuani. Ameungua?

Huenda ni alama ya kihisio kinachopima hewa ukaa kupitia ngozi. Kihisio hicho hupashwa joto kuzidi nyuzi 40 na huhamishwa kila baada ya saa chache ili ngozi isiungue. Wekundu wake kwa kawaida hufifia wenyewe, lakini ukiona lengelenge, mwonyeshe muuguzi mara moja.