Kufundisha watoto wenye vipawa: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Sema hapa Ngamiani kwamba unataka kusomea ufundishaji wa watoto wenye vipawa, utajibiwa kuwa hiyo si kazi, mtoto mwenye akili hujifundisha mwenyewe. Katika dhana zote potofu kuhusu kazi hii, hii ndiyo yenye madhara zaidi. Mtoto wa namna hiyo humaliza hesabu zake mwalimu hajafuta ubao, halafu anaanza kuchokoza wenzake. Mwisho wa wiki jina lake liko kwenye orodha ya watundu, na mzazi anaitwa shuleni.

Dhana nyingine: mwenye kipawa ni yule anayeshika namba moja. Wengine ndio, lakini wengi humpita mwalimu bila kuonekana. Nimewahi kufundisha mtoto wa Sahare, baba yake mvuvi, ambaye darasani alikuwa wa thelathini na kitu. Nyuma ya daftari lake la Kiswahili nilikuta saa za maji kupwa, siku baada ya siku, na pembeni ameandika tofauti zake. Alishajua kuwa maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Kilichomkera ni kwamba dakika hizo hazilingani: zinapungua karibu na bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, zinaongezeka wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Alitaka kujua kwa nini. Mtihani wa muhula hauulizi hayo.

Hata vipimo vya akili huwakosa wenye vipawa. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza mwaka 1921 kufuatilia watoto zaidi ya 1,500 wa California waliochaguliwa kwa vipimo hivyo. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa. Baadaye wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwingine 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna aliyeipata.

Eti mwalimu lazima awe na akili kumshinda mwanafunzi? Hapana. Inatosha asione haya kusema "sijui, tutafute".

Kuhusu kumrusha mtoto darasa, wazazi huogopa ataharibikiwa akikaa na wakubwa. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Iowa ya 2004, iliyokusanya tafiti za miaka mingi, ilionyesha kuwa wengi wanaorushwa kwa uangalifu hufanya vizuri, hata kwenye urafiki. Neno ni uangalifu. Kumrusha mtoto ili baba apate la kusimulia kijiweni ni jambo jingine.

Mwisho, ajira. Watu hudhani kazi hii iko kwenye sekondari za vipaji maalumu tu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala. Lakini huko huingia waliokwisha kufaulu darasa la saba. Yule wa Sahare angeachwa mlangoni. Kwa maoni yangu kazi kubwa iko msingi. Usisubiri tangazo lenye cheo hicho: anza kama mwalimu wa kawaida, ongeza elimu maalumu (Patandi, Arusha, ni chuo kinachojulikana kwa hilo), na anzia darasani kwako. Kabla ya mada mpya, toa maswali matano ya mada hiyo yaliyo magumu kuliko yote. Atakayeyapata asirudie yale anayoyajua; mpe tatizo lake la kuhangaika nalo, wewe endelea na wengine.