Kinga ya mwili inavyosaidia neva kuota upya

Hapa Mwanza kinga ya mwili tunaitaja zaidi tukizungumzia malaria, kichocho au VVU. Ina kazi nyingine isiyosemwa sana: kuisafishia njia neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyokatika ili iote tena.

Chukua mtu anayepasua sangara mwaloni, kisu kikateleza na kumkata kwenye kifundo cha mkono. Ngozi inapona baada ya wiki chache, lakini kidole gumba, cha shahada na cha kati vinabaki na ganzi. Neva ya kati, inayopeleka hisia za vidole hivyo, imekatika.

Kinachofuata ndani ya mkono kilielezwa mwaka 1850 na Mwingereza Augustus Waller, aliyekata neva za ulimi wa chura: sehemu iliyotengana na kiini cha seli huoza yote. Mabaki yake, hasa ala ya mafuta iitwayo mayelini, yana protini zinazozuia nyuzi mpya za neva kukua. Ni kama magugu maji yaliyoziba mwalo. Mtumbwi hauingii mpaka yaondolewe. Seli za Schwann, zinazoizunguka neva, huanza usafi na kutoa kemikali za kuita msaada. Ndani ya siku chache makrofeji, seli kubwa za kinga, hufika kwa wingi kutoka kwenye damu na kumeza mabaki hayo. Baadaye hubadilika: hutuliza uvimbe na kuchochea mishipa midogo ya damu, ambayo seli za Schwann huifuata kuvuka pengo.

Kwa hiyo uvimbe wa siku za mwanzo si adui tu. Wapo panya wa maabara wenye hitilafu ya kurithi inayochelewesha neva kuoza. Kwao hata kuota upya huchelewa.

Njia ikishakuwa safi, nyuzi hukua takribani milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo hadi ncha ya kidole ni karibu miezi sita, na hapo ni endapo neva yenyewe imeshonwa. Ngozi ikishonwa peke yake, ncha mbili za neva huenda zisikutane kamwe. Asiyehisi vidole baada ya kujikata aliseme hilo mapema, kidonda kikiwa bado kibichi.

Kwenye uti wa mgongo mambo ni magumu zaidi. Seli za Schwann hazipo huko, usafi huenda polepole mno, mabaki hukaa hata miaka, na kovu huongeza kizuizi.

Tena kinga ikipita kiasi huharibu neva ileile. Ukoma unaonyesha hilo waziwazi: vimelea hujificha ndani ya seli za Schwann, na kinga inapowashambulia kwa nguvu, neva huvimba na kuumia. Daktari humpa mgonjwa prednisoloni kutuliza shambulio hilo, huku dawa za kuua vimelea, ambazo hutolewa bure, zikiendelea bila kukatizwa. Mgonjwa wa ukoma akiona mkono au mguu unalegea au kufa ganzi ghafla, awahi kituo cha afya siku hiyohiyo.